Mabuu Hawakai Kwenye Friji

Inspekta aliweka boksi la plastiki juu ya kaunta, akafunua kifuniko kidogo, akakirudisha upesi, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima akiwa ameiunguza.

"Wamekufa," alisema.

Muuza wadudu, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari wa Mende naye akaitika bila kinyongo, alilivuta boksi, akalifunua lote, akainamisha pua. Hakukunja uso. Ukishaishi miaka kumi na miwili katikati ya makreti ya nzige na mende wa kufugwa, harufu haikutishi tena. Alimtoa buu mmoja kwa kibano akamnyanyua kwenye mwanga. Alikuwa na urefu wa kidole cha kati, mweusi tititi, amelegea kama kamba ya kiatu iliyolowa.

"Boksi zima," alisema. "Uliwafanya nini hawa, mama?"

"Mwenye kuuliza ni mimi."

"Na mimi nakujibu kwa swali, maana hawa hawakufa kifo chao. Uliwaweka wapi?"

Kwa miaka ishirini na miwili Inspekta alikuwa akiwauliza watu swali hilo hilo, uliweka wapi, na hakuwahi kujua jinsi linavyowasha. Alirekebisha mkanda wa begi begani.

"Kwenye friji."

Daktari wa Mende akaweka kibano chini. Akageukia nyuma ya duka, ambako mkewe alikuwa akipepeta pumba. "Mke wangu, njoo usikie. Serikali imeweka majitu kwenye friji."

"Nani kawaambia wafanye hivyo?" sauti ya mke ilijibu.

"Hapo ndipo ninapotaka kufika," alisema Inspekta. "Nieleze taratibu, maana naandika."

Basi akaelezwa. Kumbe wako mabuu wa aina mbili wanaouzwa kwa watu wanaofuga mijusi, vinyonga na ndege wala wadudu. Wale wadogo, wembamba kama njiti ya kiberiti, unawatia kwenye friji wanalala wiki kadhaa. Siku ya kuwalisha unawatoa, unasubiri wachangamke. Wale wakubwa, ambao pale dukani wanaitwa majitu, hawana usingizi wa namna hiyo. Siku mbili kwenye baridi, wamekwisha. Wao wanataka pumba, joto la kawaida la nyumba, na kipande cha karoti cha kuwapa maji. Tena wana meno. Ukimtupia mjusi jitu zima, akachelewa kulila, akasinzia, usishangae ukimkuta ametafunwa vidole.

"Mzee Ramani alijua yote haya," Daktari wa Mende aliendelea, sauti imeshuka sasa, maana alikuwa akimzungumzia marehemu. "Majitu ya kwanza nilimwuzia mwenyewe, mjusi wake alipokua, wale wadogo wakawa hawamshibishi. Ni miezi minane sasa. Tangu hapo hajanunua wadogo hata siku moja. Nilipomwonya kuhusu friji alinicheka. Akaniambia, mimi nimechora ramani miaka thelathini, nikiambiwa hapa hapapitiki, sipiti."

Kalamu ya Inspekta ikasimama.

"Miezi minane. Una hakika?"

"Nina hakika kama nilivyo na hakika kwamba hawa wamekufa."

Inspekta alifungua jalada palepale juu ya kaunta. Mzee Ramani, mchoraji ramani mstaafu, mjane, alikutwa amekufa jikoni kwake Jumatatu asubuhi. Aliyemkuta ni msaidizi wake wa nyumbani, mwanamke aliyeitwa Mama Pacha, anayekuja Jumatatu hadi Ijumaa. Daktari wa hospitali alisema ni moyo, na kwamba damuni hakukuwa na hata chembe ya dawa ya moyo ambayo mzee alipaswa kumeza kila siku. Mkebe wa dawa ulikuwa mtupu. Mwana pekee wa mzee, mhandisi wa barabara ambaye ukoo wote ulimwita Injinia, alieleza kwamba alimtembelea baba yake kila Jumamosi, kwamba wiki mbili nyuma alimletea vidonge thelathini, na kwamba Jumamosi hii alimwacha mzima. Duka la dawa lilithibitisha kumwuzia. Dawa ile ilikuwa ghali na inauzika. Kama vidonge vililetwa na havimo, kuna aliyevichukua, na mwenye ufunguo mwingine wa nyumba alikuwa mmoja tu. Mama Pacha alikuwa mahabusu tangu Jumatatu mchana. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia.

Akafunua ukurasa wa tatu wa maelezo ya Injinia, akaweka kidole. *Tulikunywa chai. Nikamlisha mjusi wake. Mabuu huwa wako kwenye friji, droo ya chini. Natoa kumi, nasubiri wachangamke, nawaweka kwenye bakuli.*

Alikumbuka jinsi alivyoyapenda maneno hayo. Maelezo yenye nyama, alimwambia mkuu wa kituo. Na kwa kuwa mjusi alibaki peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, Inspekta, ambaye sasa alikuwa mlezi wake kisheria, aliyafuata neno kwa neno. Alilikuta boksi la mabuu chini ya rafu, nje ya friji. Akadhani Mama Pacha ndiye aliyelihamisha kwa uzembe. Akalitia kwenye droo ya chini, akajisifu kwa uangalifu wake.

Aibu ilimpanda kutoka shingoni. Si ya mabuu, ingawa hata ya mabuu ilikuwepo.

"Nifungie boksi jingine," alisema. "Majitu. Na kibano."

---

Kituoni, konstebo wa zamu alimleta Mama Pacha ofisini, na kwa mazoea akamwonyesha sakafu.

"Mpe kiti," alisema Inspekta.

Konstebo alitazama kiti kimoja kilichokuwepo, kile chenye mto, kilichokaliwa na Injinia siku ya Jumatatu huku akipewa chai. Akakisogeza. Mama Pacha alikaa ukingoni, kama anayehofia kukichafua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mikono imepauka kwa sabuni, na siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemchimba macho.

"Mabuu wa mjusi wanakaa wapi?" Inspekta aliuliza.

Mama Pacha aliinua uso. Alikuwa amejiandaa kuulizwa vidonge. "Mabuu? Kwenye boksi lao, chini ya rafu, chumbani kwa Karani."

"Karani nani?"

"Mjusi. Mzee alimwita Karani kwa vile anatikisa kichwa kukubali kila kitu, wala haelewi kitu." Akasita. "Nani anamlisha sasa?"

"Mimi."

"Unawabana kichwa kwanza? Wale wanauma, afande. Mzee alinifundisha. Unamshika kwa kibano, unambana kichwa kidogo, ndipo unamtupia kwenye bakuli. Sita tu, wana mafuta mengi. Wasioliwa unawatoa, usimwachie alale nao."

"Hawajawahi kukaa kwenye friji?"

"Zamani, wale wadogo, Karani alipokuwa bado sebuleni. Alipokua akahamia kile chumba alicholala Injinia utotoni, na wadogo wakaisha. Pacha wangu walikuwa hawajaanza shule. Kama miezi minane."

"Kwa nini hukuniambia haya Jumatatu?"

"Hukuniuliza, afande."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Inspekta aliyatazama maelezo mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu ndani ya jalada. Ya Injinia yalikuwa kurasa nne. Ya Mama Pacha yalikuwa nusu ukurasa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu ilikuwa anwani na umri.

"Sasa nakuuliza. Injinia alikuwa anakuja Jumamosi?"

"Mzee alisema anakuja."

"Sikuulizi mzee alisema nini."

"Nilikwambia. Kila Jumatatu nakuta vikombe viwili mezani, naviosha."

"Niliandika hilo. Limekukandamiza wewe, unajua? Ndilo lililoonyesha kwamba Injinia alikuwa anakuja kweli." Inspekta alisogea mbele. "Vilikuwa vimenywewa vyote viwili?"

Mama Pacha akatazama mikono yake. Nje, mashine ya chapa iligongagonga ikanyamaza.

"Mzee alikuwa mtu wa heshima zake," alisema hatimaye. "Ameshakufa. Mwacheni na vikombe vyake."

"Kesho saa tatu unasomewa kuua. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Watoto wako wapi?"

"Kwa jirani." Alijipangusa viganja kwenye gauni. "Jirani naye ana watoto wake watano."

"Basi sema."

Konstebo alikohoa, Inspekta akamnyamazisha kwa jicho.

"Kimoja kilikuwa kimenywewa," Mama Pacha alisema. "Kingine kimejaa mpaka juu, chai imepoa imefanya utando. Kila Jumatatu. Miezi yote hiyo. Nilikuwa namwaga, naosha, nawaambia majirani Injinia alikuja. Mzee alikuwa ananisikia nikisema. Hakuwahi kunishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Ingekuwa kama nimemvua nguo."

Konstebo aliyekuwa akiandika aliacha kuandika.

Inspekta alijua thamani ya maneno hayo mbele ya hakimu. Sifuri. Vikombe vilishaoshwa, na aliyeviosha ndiye mtuhumiwa. Dhidi yake kulikuwa na kurasa nne za mtu mwenye suti, karatasi ya duka la dawa, na kalenda ya ukutani ambayo marehemu mwenyewe aliiandika kila Jumamosi. Neno la mfanyakazi wa ndani kuhusu kikombe cha chai lisingefika hata kwenye mlango wa mahakama. Alichokihitaji ni Injinia mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe.

"Mrudishe," alimwambia konstebo, kisha akasahihisha kauli. "Mrudishe, na mpelekee chai. Halafu niitie Injinia. Mwambie nakamilisha jalada."

---

Injinia alifika nyumbani kwa baba yake saa tisa alasiri, shati limenyooshwa, macho mekundu kweli kweli. Inspekta hakuwahi kushuku huzuni yake, na hata sasa hakuishuku. Mtu huweza kulia machozi ya kweli juu ya maneno ya uongo.

"Sitakuchelewesha," alimwambia. "Hakimu wa kesho ni mtu wa kuuliza vitu vidogo vidogo. Nataka unionyeshe Jumamosi ilivyokuwa, hatua kwa hatua. Konstebo ataandika."

"Bila shaka." Injinia alisimama katikati ya sebule. "Niliingia. Tukasalimiana. Tukanywa chai hapa. Nikazungumza naye kidogo."

"Halafu ukamlisha mjusi."

"Nikamlisha mjusi."

"Nionyeshe."

Alienda jikoni bila kusita, na hilo lilimwumiza Inspekta zaidi kuliko kama angebabaika. Akafungua friji. Akavuta droo ya chini. Kulikuwa na nusu kabichi na limau lililokauka. Akavuta ya pili. Akafungua hata sehemu ya barafu.

"Pengine yule mama amewatupa," alisema akiwa bado ameinama.

"Pengine. Tuseme tumewapata. Halafu?"

Injinia alifunga friji, akarudi sebuleni, akakata kona kuelekea dirishani, mkono umetangulia kama anayetaka kushika kitu. Pale dirishani hapakuwa na kitu. Palikuwa na zulia, na kwenye zulia mraba uliopauka kidogo kuliko pengine, alama ya kitu kizito kilichokaa hapo miaka kisha kikaondoka. Mkono wake ulibaki hewani.

Konstebo aliandika. Kalamu ilisikika.

"Tangi la mjusi liko wapi, Injinia?"

"Lilikuwa hapa."

"Jumamosi lilikuwa hapo?"

Inspekta alimpita, akasukuma mlango wa chumba cha mwisho kwenye korido. "Njoo."

Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha mtu mmoja. Juu ya meza ya kusomea ya zamani, iliyochorwachorwa kwa kisu cha mwanafunzi, palikuwa na tangi la kioo na taa ya joto. Karani alijilaza juu ya gogo, mjusi mwenye urefu wa mkono mpaka kiwiko, kidevu cha miiba. Alipomwona Injinia, kidevu kilivimba kikawa cheusi, na mdomo ukafunguka.

"Hakujui," alisema Inspekta. "Kwangu mimi, wa siku tatu tu, alishaacha kufanya hivyo. Mabuu ni hao hapo chini. Mlishe."

Injinia alichuchumaa. Alilifungua boksi jipya, akaona pumba inavyotembea yenyewe. Kibano kilikuwa pale pale ubavuni mwa boksi. Hakukigusa. Aliingiza vidole vyake vitupu kama alivyozoea kufanya zamani, kwa wale wadogo. Akatoa sauti fupi, akakung'uta mkono, na jitu likaanguka sakafuni likaanza kukimbilia uvunguni mwa kitanda. Tone dogo la damu lilitokeza kwenye ncha ya kidole.

Ni alipokuwa anainuka, akitafuta mahali pa kupangusia kidole, ndipo alipoiona kalenda ukutani.

Inspekta alikuwa ameiona tangu Jumatatu. Aliipiga picha, akaiingiza kwenye jalada kama ushahidi dhidi ya Mama Pacha. Hakuwa ameisoma kama alivyoisoma sasa, kupitia bega la mwana. Maandishi ya mchoraji ramani, madogo, yamenyooka. *Jumatano, mabuu 6.* Halafu kila Jumamosi, bila kukosa hata moja, kurasa nane za miezi: *Mabuu 6. Kalishwa na mwanangu.*

Injinia alifunua ukurasa. Akafunua mwingine. Mwezi wa kwanza mzee alikuwa ameandika kwa wino na mkono thabiti. Kwenye wa mwisho herufi zilianza kuyumba. Ile Jumamosi ya mwisho ilisomeka kwa taabu, lakini ilisomeka.

Alikaa kitandani, kitanda chake cha utotoni, na magoti yake yakawa juu sana.

"Vidonge viko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye gari."

Konstebo alichukua funguo akateremka. Alirudi na bahasha ndogo ya kaki ya duka la dawa, imebanwa kwa pini, haijafunguliwa. Inspekta alihesabu vidonge juu ya meza, mbele ya mwenyewe, kama utaratibu unavyotaka. Thelathini.

"Miezi ya nyuma nilikuwa natuma mtu wa ofisini avilete," Injinia alisema. "Akaenda likizo. Nikasema safari hii nitavileta mwenyewe. Nikaviweka karibu na usukani, ili nisisahau."

"Na hukusahau."

"Nilikuwa naviona kila siku."

"Kwa nini hukuja?"

"Wiki ya kwanza ilikuwa kazi. Kweli, kazi. Ya pili, kazi. Ya tatu nikaona aibu kwamba zimepita mbili. Mwezi ulipoisha sikujua niingie na maneno gani. Kila nilivyochelewa ndivyo mlango ulivyozidi kuwa mzito." Alisugua kidole kilichoumwa. "Alinipigia Alhamisi. Hakutaja dawa. Aliniuliza tu kama Jumamosi nitakuja, anunue sukari."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema nakuja, baba."

Inspekta akauliza swali alilokuwa akiliogopa tangu dukani kwa Daktari wa Mende. "Na Jumatatu? Nilipokuuliza mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Uliniuliza pale sebuleni," alisema Injinia. Hakulaumu, alikuwa anasimulia. "Shangazi zangu wote watatu wamekaa. Majirani mlangoni. Maiti bado jikoni. Ukasema, Injinia, mara ya mwisho ulimwona mzee lini. Na shangazi mkubwa akadakia, si kila Jumamosi huja huyu, kaka alikuwa anatuambia. Wakanitazama. Ningesema nini? Nikasema, Jumamosi. Halafu ukaniuliza dawa. Halafu nikaona unamtazama yule mama."

"Ukanyamaza."

"Nikaongeza."

Ndiyo, aliongeza: chai, friji, mabuu kumi. Na mwenye kumwuliza mfiwa mbele ya ukoo mzima swali la kuulizwa faragha alikuwa nani? Hata kuruta wa wiki ya kwanza anafundishwa kumtenga shahidi. Inspekta alifundisha somo hilo mwenyewe chuoni, miaka miwili mfululizo. Siku ile alikuwa na haraka, na mbele yake palikuwa na mwenye suti na mwenye aproni, na kichwa chake kilishaamua. Aliona aibu, aibu ya wazi isiyo na pa kujificha, mbele ya konstebo wake na mbele ya mjusi.

"Simama," alimwambia Injinia. "Utasema haya yote tena, na safari hii nitaandika kila neno. Langu pia."

---

Saa kumi na moja na nusu mkuu wa kituo alikuwa ameshasoma maelezo mapya mara mbili. Alitaka kujua kama ni lazima ile aya kuhusu Inspekta kumhoji shahidi mbele ya watu iwemo. Inspekta alisema ni lazima. Mkuu alimtazama juu ya miwani, akatia saini amri ya kumwachia Mama Pacha, na ya kumweka ndani Injinia kwa kutoa taarifa za uongo katika uchunguzi wa kifo. Mengine yangekuwa ya hakimu.

Kwenye kaunta konstebo alimmwagia Mama Pacha vitu vyake: kitambaa cha kichwa, simu iliyozimika, ufunguo wa nyumba yake, pete nyembamba. Aliambiwa ahakiki. Alihakiki kimoja kimoja, akaweka dole gumba mahali palipoonyeshwa.

Inspekta alikuwa amepanga maneno njiani. Alikuwa nayo mazuri. Yalipofika mdomoni yakabaki mawili.

"Nimekukosea, dada."

Mama Pacha alifunga kitambaa, akakikaza nyuma ya kisogo. "Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe, na Inspekta hakuthubutu kuuliza. "Naomba kwenda. Pacha hawali kwa mtu mwingine wakashiba."

"Gari la kituo litakupeleka."

"Hapana. Majirani wameshaniona naingia kwenye gari la polisi mara moja. Nitatembea."

Inspekta aliona uso unamwaka. Akatangulia kumfungulia mlango wa nje, maana hakubaki na kitu kingine cha kumpa.

Kwenye benchi la mbao kando ya mlango, lile la watuhumiwa, alikaa Injinia. Walishamvua mkanda na kamba za viatu. Alipomwona Mama Pacha anakuja aligeuza uso ukutani, kisha akaona hilo nalo ni baya, akaugeuza tena, akabaki anatazama vidole vya miguu ya yule mwanamke. Konstebo alisogea hatua moja, kwa kuhofia kelele. Angekuwa mtu mwingine angepiga kelele, na hakuna ambaye angemzuia.

Mama Pacha alisimama mbele yake. Alimnyooshea mkono wa kulia, na mkono ukangoja, mpaka Injinia akaelewa kwamba anapewa mkono, akainua wake uliofungwa plasta kidoleni.

"Pole na msiba, kaka," alisema. "Mzee alikuwa anakupenda. Jumatatu walinichukua kabla sijakupa pole."

Mama Pacha akauachia mkono wake polepole, akapita. Na aliyemchukua Jumatatu alikuwa amesimama palepale, amemshikia mlango.